Uongozi katika Shirika la Simu: Mtazamo kutoka Mwese

Msafiri atokaye Mpanda mjini kuelekea kaskazini-magharibi, upande wa Ziwa Tanganyika, hupanda polepole hadi kuzifikia nyanda za juu za Mwese, katika nchi ya Watongwe na Wabende. Huko kuna baridi kuliko Mpanda, vilima ni vingi, na vijiji viko mbalimbali. Huenda msomaji akastaajabu kuona insha inayohusu uongozi wa shirika kubwa la simu ikianzia mahali kama hapo, badala ya kuanzia Dar es Salaam yalipo makao makuu na watu wenye vyeo. Tumefanya hivyo kwa kusudi. Makao makuu ya shirika lolote hayakosi wa kuyasemea: yana taarifa ya kila mwaka, yana picha za wakurugenzi, yana hotuba za ufunguzi. Mwisho wa waya hauna taarifa ya mwaka. Hata hivyo, ni huko mwisho wa waya ambako mtindo wa uongozi hudhihirika, kwa sababu amri iliyotolewa mezani kwa mkubwa hufika huko ikiwa imekwisha kuwa nguzo iliyosimama au nguzo iliyoanguka.

Neno simu lenyewe tumelipata kutoka Kiajemi, ambako maana yake ni waya. Ndiyo sababu wazee wetu waliita simu hata ule ujumbe mfupi wa telegrafu uliofika ofisi ya posta ukaandikwa kwenye karatasi, ingawa haukuwa na sauti ya mtu yeyote. Kwao simu ilikuwa ni ule uzi wa chuma unaotoka kwa watu wasioonekana. Nasi katika kuchunguza historia ya uongozi wa mawasiliano yafaa tuulize swali lile lile ambalo mwanakijiji angeliuliza: waya huu unatoka kwa nani, na je, ukikatika, ni nani mwenye idhini ya kuuunga?

Waya wa kwanza kufika katika pwani yetu ulikuwa wa baharini. Mwaka 1879 kampuni ya Kiingereza iliufikisha Zanzibar kutoka Aden, ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Afrika ya Kusini. Na mwaka 1890, Wajerumani walipokuwa wakiimarisha utawala wao, waya mwingine ulivushwa kutoka Zanzibar hadi Bagamoyo na Dar es Salaam. Lakini kwa watu wa magharibi jambo kubwa zaidi lilikuwa ule mradi wa Cecil Rhodes, aliyeanzisha kampuni yake ya telegrafu mwaka 1892 kwa shabaha ya kuunganisha Rasi ya Tumaini Jema na Kairo. Mwaka 1899 Rhodes alikwenda Berlin kuzungumza na Kaisari Wilhelm ili apewe ruhusa ya kupitisha waya katika koloni la Wajerumani, naye akapewa. Mwanzoni mwa karne ya 20 waya huo ulitoka Abercorn, ukapita nchi za mashariki ya Ziwa Tanganyika, ukafika Ujiji. Hapo ukaishia. Kairo haukufika kamwe.

Tazama jinsi uongozi wa kampuni hiyo ulivyokuwa. Wenye hisa walikuwa London. Ruhusa ya njia ilitolewa Berlin. Watu walioona miti ya misitu yao ikifyekwa ili waya upite hawakuwa na mahali pa kuuliza lolote. Wala waya haukuwa na shughuli nao: ulipita juu ya vichwa vyao ukibeba bei za bidhaa na amri za majeshi kutoka mji hadi mji. Tunaukumbusha mfano huu si kwa ajili ya kulaumu watu waliokwisha kufa, bali kwa sababu umbo lake lilidumu. Shirika linaloongozwa kutoka mbali, likaipita nchi bila kusimama, halikwisha na Rhodes.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliichukua Tanganyika, na mwaka 1933 idara za posta na telegrafu za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa idara moja, makao yake yakiwa Nairobi. Huo ndio mwanzo wa shirika kubwa tunalolizungumzia. Mtindo wake wa uongozi ulikuwa wa kijeshi kwa namna fulani: kila jambo lilikuwa na kanuni yake katika kitabu, kila kanuni ilikuwa na mwenye kuisimamia, na kila msimamizi alikuwa na mkubwa wake. Yafaa tuseme kweli kwamba nidhamu hiyo ilikuwa na faida zake. Mfuko wa barua ulifungwa kwa lakiri na kusainiwa kila ulipobadilisha mikono. Opereta aliyeipokea telegramu aliapa kutotoa siri yake. Saa ya kufungua ofisi ilikuwa saa ya kufungua ofisi. Vijana wengi wa Kiafrika walijifunza humo kazi ya hesabu na utunzaji wa kumbukumbu, na elimu hiyo haikupotea nchi ilipopata uhuru.

Lakini ngazi ile ya vyeo ilikuwa pia ngazi ya rangi. Juu walikaa Wazungu, katikati Waasia, chini Waafrika. Na tarishi, aliyezunguka na makaratasi ya wote, alikuwa Mwafrika siku zote. Mwaka 1948 Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa serikali katika nchi za Afrika Mashariki, iliafiki kwamba mtu asiye Mzungu alipwe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu afanyaye kazi ile ile. Tunaomba walimu wawape wanafunzi wao hesabu hiyo waifanye ubaoni, maana tarakimu mara nyingine hufundisha kuliko maneno. Fundi wawili wapande nguzo mbili zilizofuatana, wafunge waya mmoja, na jioni mmoja apokee shilingi tano na mwingine shilingi tatu. Ilikuwa mpaka mwaka 1954 ndipo Tume ya Lidbury ilipopendekeza msingi huo wa rangi uondolewe.

Haikuwa ajabu basi kwamba wafanyakazi wa posta na simu walikuwa miongoni mwa wa kwanza kujipanga. Mwishoni mwa mwaka 1959 na mwanzoni mwa 1960 wafanyakazi wa posta wa Tanganyika waligoma, na mwaka huo huo wa 1960 wenzao wa reli wakagoma kwa muda mrefu. Katika shirika ambalo habari zilishuka tu, mgomo ulikuwa njia ya pekee iliyobaki ya kupeleka habari juu.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 huduma hizi hazikugawanywa. Na mwaka 1967, kwa Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, likaundwa Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, mali ya nchi tatu kwa pamoja. Ili Nairobi isishike kila kitu, makao makuu ya mashirika yaligawanywa: Bandari zikapewa Dar es Salaam, Reli na Ndege zikabaki Nairobi, na Posta na Simu ikahamishiwa Kampala. Juu ya Mkurugenzi Mkuu palikuwa na Bodi. Juu ya Bodi, Baraza la Mawasiliano lenye mawaziri wa nchi zote tatu. Na juu ya Baraza, Mamlaka ya Jumuiya, yaani marais watatu wenyewe. Jambo lililowashinda wakurugenzi lilipanda kwa mawaziri, na lililowashinda mawaziri likapanda kwa marais.

Mpango huu ulikuwa wa haki, nao ulitegemea kitu kimoja tu: kwamba marais watatu wataketi pamoja. Mwezi Januari 1971 Idi Amin alimpindua Rais Obote. Mwalimu Nyerere alikataa kuketi na Amin, na tangu hapo Mamlaka ya Jumuiya haikukutana tena. Hebu tufikiri hali ya msimamizi wa shirika katika miaka hiyo. Makao yake makuu yako Kampala, mji ambao wafanyakazi wengi wa Kitanzania na wa Kikenya waliona maisha yao yamo mashakani. Mapato yanakusanywa katika nchi tatu, na kila nchi inazidi kuona uchungu kuyatoa nje. Jambo la maana likihitaji uamuzi wa juu kabisa, kikao cha kuliamua hakipo. Mabingwa wa uongozi hupenda kueleza kuvunjika kwa Jumuiya mwaka 1977 kwa siasa za nchi na tofauti za uchumi, na wanasema kweli. Lakini kwa shirika la simu tunaweza kuongeza jambo dogo na la aibu: shirika ambalo kazi yake ni kuwawezesha watu wazungumze lilikwama kwa kuwa wakubwa wake hawakuzungumza.

Katika miaka hiyo hiyo Mwese nayo ilikuwa na mabwana watatu, na linganisho lake ni la manufaa. Katika miaka ya 1960 wakimbizi wa Kinyarwanda waliotoka Kivu, katika Kongo, walipewa ardhi Mwese. Makazi hayo yaliendeshwa kwa mapatano ya pande tatu: Serikali ya Tanzania ilitoa ardhi na utawala, Umoja wa Mataifa kupitia shirika lake la wakimbizi ukatoa fedha, na shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964, likafanya kazi yenyewe ya kupasua barabara, kujenga zahanati na kugawa mbegu. Tofauti yake na lile shirika la Kampala ni hii: hapakuwa na jambo lililowangoja wote watatu waliamue kwa pamoja kila siku. Kila mmoja alijua kipande chake, na wote walijua kwamba shabaha ni kuwakabidhi watu makazi yao wajitegemee, kisha wageni waondoke. Hatusemi kwamba Mwese mambo yote yalikuwa shwari, kwani ukimbizi ni ukimbizi hata kwenye ardhi nzuri. Lakini mwaka 1980, Serikali ilipowapa uraia maelfu ya wakimbizi wa Kinyarwanda waliokuwa nchini, lile shirika la nchi tatu lilikuwa limekwisha kuvunjika miaka mitatu nyuma.

Kwa sheria ya mwaka 1977 Tanzania ikaanzisha Shirika lake la Posta na Simu, likaanza kazi mwaka 1978. Kazi ya kulijenga haikuwa nyepesi. Chuo kikuu cha mafunzo ya shirika la zamani kilikuwa Mbagathi, Nairobi. Sasa mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa. Mwisho wa mwaka 1978 vita vya Kagera vikaanza, na baada yake fedha za kigeni zikawa adimu. Waya, vipuri na mitambo vyote vilinunuliwa kwa fedha hizo hizo zilizonunua mafuta na dawa. Meneja wa mkoa angeliweza kuwa mtu mwenye bidii na akili nyingi, na bado asiwe na cha kumpa mwombaji ila namba katika orodha.

Hapa ndipo tuzungumzie siasa ya uongozi iliyokuwa imetangulia nchini. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, mwaka 1970 Rais alitoa waraka wa kuanzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, na mwaka 1971 TANU ikatoa Mwongozo, uliokataza ubwana, majivuno na dharau kwa viongozi wa kazi. Mashirika ya Jumuiya, yaliyowajibika kwa nchi tatu zenye siasa tatu, yasingeweza kuongozwa sawasawa na mwongozo wa chama cha nchi moja. Shirika jipya la 1978 liliingia moja kwa moja katika mfumo huo. Kwa hiyo meneja alijikuta na masikio mengi ya kusikiliza: wizara, Bodi, tawi la Chama kazini, JUWATA na baraza la wafanyakazi.

Wapo wanaoucheka mfumo huo siku hizi, wakisema ulikuwa wa vikao bila kazi. Sisi hatukubaliani nao kwa jumla. Kwa mara ya kwanza fundi wa waya alikuwa na mahali alipoweza kusimama na kumwuliza mkubwa wake swali bila kugoma kwanza, na hilo, ukilinganisha na siku za tatu ya tano, si jambo dogo. Walakini kasoro ilikuwepo, nayo tusiifiche. Aghalabu baraza liliitwa kupokea bajeti iliyokwisha kukatwa na uamuzi uliokwisha kutiwa saini. Watu walijadili kwa saa nzima juu ya sare na chai, kisha wakapitisha mambo makubwa kwa dakika tano. Na nje ya baraza, uhaba ukazaa uongozi wa aina nyingine kabisa, ambao haukuandikwa katika sheria yoyote: uongozi wa kimemo. Mwenye kumjua mtu alipata simu. Asiyemjua alibaki katika orodha. Orodha ile ilikuwa ndefu katika miji. Vijijini haikuwapo, kwa kuwa waya wenyewe haukuwapo.

Mpanda ilikuwa na nafuu kidogo kupita sehemu nyingine za pembezoni. Reli ya kutoka Kaliua, iliyojengwa karibu na mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, ilikuja na waya wake wa kuongozea treni, kama ilivyo desturi ya reli. Ila katika utawala wilaya hiyo ilihamishwa huku na huku: ilikuwa chini ya Tabora, mwaka 1974 ikaingizwa katika Mkoa mpya wa Rukwa wenye makao Sumbawanga, na mwaka 2012 ndipo ikawa kitovu cha Mkoa wa Katavi. Anayejua kazi za ofisi anafahamu maana yake. Kila mkoa unapobadilika, faili husafiri, na ombi lililokuwa karibu kujibiwa na mkubwa wa zamani huanza upya kwa mkubwa mpya. Ofisi za maeneo ya simu nazo hufuata mikoa mara nyingi, hivyo mwisho wa waya huzidi kusogezwa mbali hata kama nguzo haijasogea hata hatua moja.

Mwaka 1993 Bunge lilipitisha sheria zilizoligawa Shirika la Posta na Simu, na mwaka 1994 Kampuni ya Simu Tanzania, TTCL, ikaanza kujitegemea, posta ikaenda njia yake, na tume ya kusimamia mawasiliano ikawa chombo cha tatu. Mwaka huo huo kampuni binafsi ya simu za mkononi, Mobitel, ikaanza huduma. Mwezi Februari 2001 Serikali iliuza asilimia 35 ya hisa za TTCL kwa ubia wa kampuni mbili, MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani, pamoja na madaraka ya kuendesha kampuni. Hapo uongozi ulibadilika hata katika msamiati wake. Mwananchi akawa mteja. Mwombaji katika orodha akawa soko. Wafanyakazi wakaanza kuhesabiwa kama gharama ya kupunguzwa, na baraza lao likabaki la kupashana habari.

Zilizofuata ni habari za mabishano, nasi tutazipitia upesi. Wabia na Serikali walibishana juu ya hesabu za kampuni na sehemu ya bei iliyokuwa haijalipwa. Biashara ya simu za mkononi, Celtel, iliyokuwa imezaliwa ndani ya TTCL, ilitengwa mwaka 2005, na mzazi akabaki na nyaya za zamani huku mtoto akikua. Mwaka 2007 uendeshaji ulikabidhiwa kwa mkataba kwa kampuni ya SaskTel kutoka Kanada, ukakatizwa mwaka 2009. Hisa zile 35 zilizokuwa zimepita mikononi mwa wageni kadhaa, hadi Bharti Airtel ya Uhindi, zilinunuliwa tena na Serikali mwaka 2016. Na kwa sheria ya 2017 TTCL ikawa shirika la umma kamili, likaanza kwa sura hiyo mwaka 2018, likiwa pia msimamizi wa Mkongo wa Taifa wa mawasiliano.

Kwa hiyo katika muda wa nusu karne shirika moja liliongozwa kwa amri ya ukoloni, kwa maafikiano ya nchi tatu, kwa siasa ya Chama, kwa hisa, kwa mkataba, na tena kwa sheria ya umma. Fundi aliyeajiriwa kijana mwaka 1970 aliweza kuyaona karibu yote kabla ya kustaafu, pasipo kubadili ngazi yake ya kupandia nguzo. Na pengine alistaafu mikono mitupu. Wazee waliokuwa watumishi wa Jumuiya, wakiwemo wa posta na simu, walidai mafao yao kwa miaka mingi baada ya 1977. Mapatano mbele ya mahakama yalifikiwa mwaka 2005, na hata baada ya malipo kuanza wengi walikuwa bado wakija Dar es Salaam na vitambulisho vyao vilivyochakaa, wakisema hesabu haikutimia. Bodi iliyowaajiri haikuwapo tena. Mkurugenzi Mkuu hakuwapo. Makao makuu ya Kampala yalikuwa ya wengine. Mtindo mmoja wa uongozi unapoondoka na mwingine kuingia, hotuba husema juu ya mwanzo mpya. Deni la zamani hubaki na yule aliyekuwa chini kabisa ya ngazi.

Tukirejea mwisho wa waya, siku hizi waya wenyewe haupo. Kwa sheria ya mwaka 2006 uliundwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao huzipa kampuni za simu ruzuku ili zijenge minara katika kata zisizo na faida ya kuvutia biashara, na kwa njia hiyo sauti imefika katika vijiji vingi vya pembezoni ambavyo waya haukupata kuvifikia. Lakini swali la mwanakijiji kuhusu idhini halijaondoka pamoja na nguzo. Mara nyingi mnara si mali ya kampuni ya simu. Ni wa kampuni ya minara, ambayo kampuni za simu huipanga. Matengenezo hufanywa na mkandarasi. Ulinzi huwa wa kampuni nyingine tena. Anayelala chini ya mnara usiku, anayesikia jenereta ikizimika na kuona kijiji kizima kikipoteza mtandao, ni mlinzi. Ana rungu, tochi na daftari la kuandika saa. Hana idhini ya kuagiza dizeli. Anayo namba ya kupiga, na mtandao umekatika.